Ngeta, ngumi au teke? Ukitaka MMA, jifunze kwanza kuangusha mtu

Jumapili asubuhi baada ya usiku wa UFC, kila base mtaani huwa na wataalamu. Mmoja anaapa kwamba ndondi ndiyo baba wa mapigano yote. Mwingine, aliyeachia taekwondo kwenye mkanda wa kijani akiwa darasa la saba, anasema teke moja la kichwa na stori imeisha. Wa tatu amekesha akitazama video za jiujitsu kwa simu na sasa anataka kumpiga kila mtu ngeta ya utani. Chai ikiisha, ubishi unaisha, na kesho wanaanza tena pale pale.

Lakini sio stori ya base tu. Kuna wasee wengi Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu ambao wanatoa doo kila mwezi kulipia mazoezi ya mtindo fulani, na baadhi yao wanaota siku watakapoingia kizimbani walipwe. Wengine hawataki mkanda wala kamera, wanataka tu kutembea mtaani bila woga. Mtindo utakaochagua leo utakula miaka yako mitatu au minne ijayo. Utakula magoti yako, pesa zako na pengine kichwa chako. Ndio maana swali hili linafaa kujibiwa kwa mambo yaliyotokea, si kwa sinema.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute mbele. Kama unataka kupigana MMA, msingi bora ni mieleka: kumwangusha mtu, kumzuia asikuangushe, na kumkalia asiinuke. Juu ya msingi huo unaweka jiujitsu ya kutosha, halafu ngumi na mateke ya Muay Thai. Karate na taekwondo ni pilipili, zinaongeza ladha lakini hazishibishi. Na juu ya hayo yote, jina lililoandikwa kwenye mlango wa jimu lina uzito mdogo kuliko jambo moja: je, humo ndani kuna mtu anayekukatalia kwa nguvu unapojaribu kitu?

Siku ubishi ulipopimwa

Kabla ya 1993, kila mtindo ulikuwa mkali ndani ya nyumba yake. Mtu wa karate alipigana na wa karate, bondia na bondia. Tarehe 12 Novemba mwaka huo, mjini Denver, Marekani, wanaume wanane waliingizwa kwenye kizimba cha waya katika shindano la kwanza la UFC. Hakukuwa na madaraja ya uzani. Kuuma na kutia mtu vidole machoni kulikatazwa, lakini mengi ambayo leo yangekufukuzisha ulingoni yaliruhusiwa.

Pigano la kwanza lilichukua sekunde 26. Teila Tuli, jamaa mkubwa wa sumo, alimvamia Mholanzi Gerard Gordeau, akaanguka, akapigwa teke la mdomo na jino likaruka. Bondia Art Jimmerson aliingia akiwa amevaa glavu mkono mmoja tu. Alipoangushwa na kukaliwa alisalimu amri bila hata kupigwa ngumi ya maana, kwa sababu hakujua pale chini anatakiwa kufanya nini.

Aliyemkalia ni Royce Gracie, Mbrazili mwembamba wa kilo 80 hivi aliyevaa kanzu nyeupe ya jiujitsu. Usiku huo alishinda watu watatu, na wawili wa mwisho, Ken Shamrock na Gordeau, aliwakaba shingo. Haikuwa bahati. Rorion Gracie, kaka yake, alikuwa miongoni mwa waliobuni shindano lenyewe, na nia mojawapo ilikuwa kuitangazia dunia mchezo wa familia yao. Mchezo huo ulianzia kwa Mjapani wa judo, Mitsuyo Maeda, aliyefika Brazil mwaka wa 1914 na baadaye akamfundisha Carlos Gracie. Royce alirudi akashinda mashindano ya pili na ya nne pia.

Kwa muda kidogo dunia nzima iliamini jibu limepatikana. Kisha wakaja wanamieleka. Desemba 1994, Dan Severn alimlalia Royce kwa zaidi ya dakika 15 kabla ya kukabwa kwa miguu na kushindwa. Alishindwa, ndio, lakini kila aliyekuwa na macho aliona kwamba jamaa wa mieleka alimweka bingwa chini jinsi alivyotaka. Mwaka wa 1996 Mark Coleman, naye wa mieleka, akashinda mashindano mawili mfululizo kwa njia rahisi ya kutisha: angusha, kalia, piga. Februari 1997 akawa bingwa wa kwanza wa uzani wa juu wa UFC.

Miezi mitano baadaye, Maurice Smith wa ndondi za mateke akampokonya. Smith alikuwa amejifunza kuvumilia chini bila kupaniki. Coleman akachoka, mikono ikawa mizito kama mawe, na Smith akaanza kumpiga mateke ya miguu hadi kengele ya mwisho.

Angalia mfuatano huo vizuri. Ndondi na karate zilifunikwa na jiujitsu, jiujitsu ikasumbuliwa na mieleka, mieleka ikachoshwa na mpiga mateke aliyejifunza mieleka kidogo. Kila mtindo ulitawala hadi siku wengine walipoiba siri yake. Leo hakuna siri tena. Mpiganaji yeyote wa kiwango cha juu anajua kupiga, kuangusha na kukaba. Swali lililobaki ni hili: kati ya vyote hivyo, ni kipi ambacho ukikosa, vingine vyote havikusaidii?

Kwa nini mieleka ndiyo msingi

Fikiria pigano la MMA kama jumba la orofa tatu. Orofa ya juu mnasimama mbali, mnarushiana ngumi na mateke. Ya katikati mmekumbatiana, kichwa kwa kichwa, mmoja ameegemezwa kwenye waya. Ya chini mko mkekani. Bondia ni mfalme wa orofa ya juu, na mtu wa jiujitsu ni mfalme wa ile ya chini. Mwanamieleka ndiye anayeshika lifti. Yeye ndiye anayeamua leo tutapigania wapi.

Khabib Nurmagomedov wa Dagestan alistaafu Oktoba 2020 akiwa na mapigano 29 na bila kupoteza hata moja. Alikulia katika mieleka, judo na sambo, na hata mtoto wa mtaa wenu angeweza kukwambia atafanya nini akiingia kizimbani: atashika mguu, atakusukuma kwenye waya, atakubwaga. Kila mtu alijua, na bado hakuna aliyemshinda. Conor McGregor, aliyekuwa na mkono wa kushoto uliolaza watu wengi, aligonga mkeka raundi ya nne Oktoba 2018 baada ya kubanwa shingo.

Njoo karibu zaidi na nyumbani. Dricus du Plessis wa Afrika Kusini si mtu wa mchezo. Alianza judo akiwa mtoto, akaongeza ndondi za mateke na mieleka, na mwaka wa 2024 akawa bingwa wa UFC uzani wa kati. Agosti mwaka huo huo akamkaba Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos, mjini Perth. Lakini Agosti 2025, kule Chicago, alikutana na Khamzat Chimaev, mzaliwa wa Chechnya aliyewahi kuwa bingwa wa mieleka Uswidi. Pigano lilikuwa la dakika 25. Kwa zaidi ya dakika 20 kati ya hizo, Dricus alikuwa chini ya Chimaev au anang'ang'ana kujitoa. Alikuwa na nguvu, moyo na ngumi, ila hakupata nafasi ya kuvitumia.

Na Adesanya mwenyewe? Kwa kupiga akiwa amesimama, wachache wamewahi kumfikia katika uzani wake. Alitoka kwenye ndondi za mateke na akatwaa mkanda kamili Oktoba 2019. Machi 2021 alipanda uzani kumkabili Jan Błachowicz wa Poland. Kwa raundi tatu pigano lilikuwa la karibu. Raundi ya nne na ya tano, Błachowicz, ambaye hata hajulikani kwa mieleka, alimwangusha na kumkalia. Mkanda ukapotelea hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Francis Ngannou, yule Mkameruni wa Batié aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mchanga akiwa mtoto na kulala nje mjini Paris kabla ya dunia kumjua. Ngumi yake ilikuwa inatisha. Januari 2018 alipewa nafasi ya kupigania mkanda dhidi ya Stipe Miocic, mwanamieleka mwenye ndondi safi. Miocic alikwepa dhoruba ya mwanzo, akamwangusha mara kwa mara, akamchosha kwa raundi tano. Ngannou akarudi shule. Machi 2021 walipokutana tena, Miocic alijaribu kumwangusha, Ngannou akazuia, na raundi ya pili Miocic akalala. Sikiza vizuri hapo: ngumi ni ile ile aliyokuwa nayo 2018. Kilichobadilika ni kwamba sasa alijua kukataa kuangushwa, kwa hivyo ngumi ikapata nafasi.

Halafu Januari 2022, akiwa na goti bovu na akizidiwa na mateke ya Ciryl Gane, jamaa huyo huyo wa ngumi alianza kumwangusha Gane. Alifanya hivyo mara nne, akashinda kwa pointi. Mtu mwenye ngumi nzito kiasi kile aliokolewa na mieleka. Ubishi mwingine unahitaji nini?

Mieleka peke yake haitoshi

Usinielewe vibaya. Sijasema mwanamieleka hashindwi. Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa bingwa wa mieleka ya vyuo Marekani mwaka wa 2010 kabla ya kutwaa mkanda wa UFC Machi 2019. Agosti 2022 alikuwa anaongoza pigano dhidi ya Leon Edwards. Kukiwa kumebaki chini ya dakika moja raundi ya tano, Edwards alirusha mkono wa kuhadaa, Usman akaelekeza kichwa upande mwingine, na teke likamkuta huko huko. Akalala kama mtu aliyezimwa swichi.

Kwa hivyo unahitaji ngumi na miguu. Ila chagua kwa akili. Muay Thai inafaa MMA kuliko mitindo mingi ya kusimama kwa sababu inapiga kwa viungo vyote: ngumi, teke, goti na kiwiko. Tena inakufundisha kupigana mkiwa mmekumbatiana, mahali ambapo refa wa ndondi angewaachanisha. Teke lake la chini huua mguu polepole. Januari 2021 Dustin Poirier alimpiga McGregor mateke ya muundi hadi mguu ukakataa kusimama vizuri, ngumi zikamaliza kazi raundi ya pili.

Jiujitsu nayo ni lazima, hata kama huna mpango wa kumkaba mtu. Ile kabali ya kutoka nyuma, ambayo sisi tunaijua kama ngeta, inafunga mishipa ya damu pande zote mbili za shingo. Ikishikwa sawasawa, sekunde chache zinatosha kukulaza hata uwe na misuli ya kubeba trela. Usipojua kuizuia utaikuta mbele yako mapema sana. Onyo ni moja tu: jiujitsu ya mashindano ya kanzu huwazoeza watu kulala chali kwa hiari na kupigana wakiwa chini. Kizimbani, aliye chali anakula viwiko. Jifunze kuinuka kabla ya kujifunza mbinu za mapambo.

Na wale wa judo, msidhani nimewasahau. Judo ni kuangusha mtu pia, na ina dawa nyingi za kupiga ngwara na kurusha mtu kwa kiuno. Ronda Rousey alitoka na medali ya shaba ya judo ya Olimpiki ya Beijing 2008, akawa bingwa wa kwanza wa kike wa UFC, akawa anamaliza watu kwa kukunja mkono. Novemba 2015 Holly Holm, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi, alimzuia asimkamate, akamchezesha kwa umbali, na raundi ya pili akamwangusha kwa teke la kichwa. Dada zangu mnaotaka mchezo huu, someni mapigano yake yote, ya kushinda na ya kushindwa. Yana mafunzo mengi kuliko video elfu za kukupa moyo.

Ndondi zetu zinahitaji marekebisho

Kenya ni nchi ya ndondi. Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka wa 1988. Kabla yake Philip Waruinge alileta shaba mwaka wa 1968 na fedha mwaka wa 1972. Bado kuna kumbi za mtaa ambapo kocha ana glavu kuukuu chache na moyo mkubwa, na vijana wanatoka pale wakiwa wakali kweli. Kama una ukumbi wa namna hiyo karibu na kwenu, una bahati. Nenda.

Lakini ukitaka kuhamia MMA, jua kwamba ndondi ina tabia tatu zitakazokuponza. Ya kwanza, bondia hujificha nyuma ya glavu kubwa. Glavu za MMA ni ndogo, za aunsi 4 hivi, na ngumi hupenya katikati kama panya kwenye ua. Ya pili, bondia huweka uzito kwenye mguu wa mbele. Huo ndio mguu utakaopigwa teke la muundi na ndio utakaoshikwa na mwanamieleka. Ya tatu, bondia huinama kukwepa ngumi. Ukiinama kizimbani unakutana na goti linapanda.

Hayo yanarekebishika. Tatizo kubwa ni kwamba bondia mzuri akikosa mtu wa kumwangusha mazoezini, hatajua kamwe kama ndondi yake ina miguu. Atasaini pigano la MMA kwa sababu amelaza watu watano ulingoni, halafu ataangushwa sekunde ya 40 na kubaki anatazama taa za ukumbi huku ngumi zikimshukia. Huo si woga wala udhaifu. Ni mtu kuletwa kwenye mtihani wa somo ambalo hakufundishwa. Promota anayempeleka kizimbani katika hali hiyo hamjali.

Na karate je?

Najua kuna waliokasirika kuanzia aya ya tatu. Sawa, tuongee. Lyoto Machida alibeba karate ya Shotokan hadi kwenye mkanda wa UFC Mei 2009. Alisimama mbali, akaingia kama umeme, akatoka kabla hujajibu. Anthony Pettis, aliyekulia kwenye taekwondo, Desemba 2010 alikanyaga waya wa kizimba, akajirusha na kumpiga Benson Henderson teke la uso akiwa hewani. Mambo hayo yapo na ni matamu.

Lakini angalia walichokuwa nacho chini ya hiyo karate. Machida alikuwa amejifunza sumo na mkanda mweusi wa jiujitsu anao. Pettis alikuwa hatari chini. Na mtu wa karate aliyefanikiwa kuliko wote, Georges St-Pierre wa Kanada, alianza karate akiwa mtoto, hakucheza mieleka shuleni, kisha akajifunza mieleka akiwa mtu mzima kwa kufanya mazoezi na wanamieleka wakali wa Montreal. Matokeo yake, mwanakarate huyo akawa mmoja wa waangushaji bora zaidi katika historia ya UFC. Aliwaangusha watu waliocheza mieleka tangu wakiwa watoto.

St-Pierre ndiye jibu kwa yeyote anayeniambia, "Sisi hapa hatuna mieleka, tumechelewa." Hujachelewa. Unahitaji tu watu wa kukuangusha.

Kipimo ni upinzani

Sasa tufike kwenye jambo linalonikera. Aprili 2017 mjini Chengdu, Uchina, mpiganaji wa MMA Xu Xiaodong alikubali kukabiliana na mwalimu wa tai chi aliyejiita bingwa, Wei Lei. Haikufika hata nusu dakika. Mwalimu alikuwa chini anakula ngumi. Uchina ilikasirika, lakini wengi walimkasirikia Xu. Wei Lei alikuwa na wanafunzi walioamini. Walikuwa wamemwona akifanya maajabu juu ya watu ambao hawakumpinga.

Mchezo ule upo kila mahali, na mitaa yetu haijakingwa. Unaingia darasani, mwenzako anakurushia ngumi moja ya polepole na kuuacha mkono hewani kama anasubiri matatu. Wewe unaushika, unauzungusha, anaanguka, mnapigiana makofi. Baada ya miezi mitatu kuna mtihani, mtihani una ada, ada ina mkanda. Miaka minne baadaye una kiuno cha rangi nyeusi na hujawahi kupigana na mtu asiyetaka kuanguka.

Mieleka, ndondi, judo, jiujitsu na Muay Thai zimefaulu katika MMA kwa sababu moja wanayoshiriki: kila wiki wanafunzi wao hufanya spari, yaani wanajaribiana na mtu mwenye nia ya kushinda. Hapo hakuna kudanganyana. Kama mbinu haifanyi kazi, utajua kabla ya saa kumi na mbili jioni. Karate inayofanya spari ya kweli itakufaa kuliko jiujitsu inayofundishwa kwa maneno.

Kabla hujatoa doo yako, ingia jimu ukae pembeni utazame darasa zima, kisha jiulize:

1. Je, wanafanya spari kila wiki, na wanaanguka kwa sababu wameangushwa au kwa sababu ni zamu yao?

2. Je, kocha amewahi kushindana, au ana wanafunzi wanaoshindana na watu wa jimu nyingine?

3. Je, mkanda unapatikana kwa kazi au kwa malipo ya mtihani?

4. Je, mgeni wa siku ya kwanza analindwa, au anatupwa kwa jamaa mkubwa ili watu wacheke?

5. Mtu akipigwa kichwa akayumba, je, kocha anamtoa, au anamwambia aache uwoga?

Jimu inayokataa usitazame hata darasa moja, piga abautani.

Kichwa ni kimoja

Swali hilo la tano lisipite haraka. Wangila yule yule wa dhahabu ya Seoul alifariki Julai 1994 kutokana na majeraha ya kichwa baada ya pigano mjini Las Vegas. Alikuwa bingwa wa Olimpiki na alikuwa bado kijana. Kama ilimpata yeye, usidhani wewe una fuvu la chuma kwa sababu mtaani wanakuita chuma.

Spari ya kweli haimaanishi kuuana kila Jumanne. Hapa mieleka na jiujitsu zina faida nyingine isiyotajwa sana. Unaweza kukatana nguvu kwa karibu kabisa siku nne kwa wiki, ukaanguka, ukakabwa, ukagonga mkeka, na ubongo wako usiguswe na ngumi hata moja. Ndondi haikupi nafasi hiyo. Kwa hivyo hata kwa kuangalia afya tu, msingi wa kuangusha na kukaba unakupa miaka mingi zaidi ya mazoezi. Spari ya kichwa iwe nyepesi na ya nadra, na kocha awe na mamlaka ya kukurudisha nyumbani.

Na kama hamu yako ni usalama wa mtaani, MMA haifundishi kushinda kisu wala bunduki. Ukikutana na watatu usiku wanataka simu, wape simu. Mieleka itakusaidia kubaki umesimama mtu akikuvamia, na mazoezi yatakupa pumzi ya kukimbia. Kukimbia ni mbinu.

Tunachokosa ni mkeka

Kuna jambo la mwisho, na hili nawaambia pia wanaoshika bajeti za michezo katika kaunti, shule na kumbi za mtaa. Mieleka si kitu cha wazungu. Waulize wazee wako wa mashambani jinsi vijana walivyobwagana machungani hadi jua likazama. Senegal walichukua mieleka yao ya kienyeji, laamb, wakaijazia viwanja. Novemba 2024 mmoja wao, Oumar Kane anayejulikana kama Reug Reug, akamshinda Mrusi Anatoly Malykhin na kuwa bingwa wa uzani wa juu wa ONE Championship. Alitoka mchangani na kufika juu kabisa.

Mieleka haihitaji glavu, mifuko ya kupiga wala ulingo. Inahitaji mkeka, mtu anayejua, na watoto wawili wabishi. Watoto wabishi tunao wa kutosha. Ukumbi wa mtaa unaokodishwa kwa harusi wikendi unaweza kuwa na mikeka Jumatatu hadi Ijumaa. Shule yenye klabu ya taekwondo inaweza kuongeza judo. Jimu ya ndondi na jimu ya jiujitsu zilizo umbali wa matatu moja zinaweza kubadilishana wanafunzi Jumamosi, hawa wafundishwe ngumi na wale wafundishwe kuanguka, bila yeyote kumlipa mwenzake.

Wewe usingoje kaunti. Kama wewe ni wa ndondi, tafuta klabu ya judo au jiujitsu wiki hii na umwombe kocha akuweke na mtu atakayekuangusha. Kama ni wa karate au taekwondo, fanya vivyo hivyo. Kama huna mtindo wowote, anza na kuangusha kisha ongeza kupiga. Utaanguka mara nyingi na utagonga mkeka hadi mkono uchoke. Jumapili ijayo base ikianza tena kubishana kuhusu nani mkali, wewe utakuwa bado umelala, mbavu zinauma, na jibu unalo.